Mahali pa Jiko

Jumamosi ile hatukuwa na hata kiti katika nyumba yetu mpya ya Hounslow, lakini jiko tulikuwa nalo. Lilikuwa la maboksi. Mume wangu Gires aliyapanga sebuleni mpaka yakamfika kifuani, ili tuone ukubwa. Jiko lenyewe lingejengwa kwa matofali, livikwe vigae vya kung'aa, na ubavuni liwe na benchi la kukalia. Ukichoma kuni asubuhi, vigae vinatunza joto mpaka jioni. Nililizunguka lile la maboksi kama mtoto anayezunguka keki.

Fundi wetu alikuwa Mzee Gurdial, Kalasinga wa Nakuru, kama anavyojiita mwenyewe. Alikuja na chaki mfukoni.

"Nionyesheni mahali, nichore. Nikishachora natoboa ukuta, moshi upate njia ya kwenda kwenye dohani. Na nikitoboa, basi! Ukuta si suruali, mtie kiraka."

Mahali nilipajua. Ni ukuta kati ya jikoni na sebule: kuni ziingizwe kwa upande wa jikoni, uchafu ubaki huko, na benchi litazame dirisha. Nilikuwa nimeliota. Lakini nilikuwa bado bibi arusi mgeni, na kwetu Uvira nilifundishwa kwamba mkwe hashindani na mama wa mumewe juu ya moto.

Mama mkwe wangu, Mama Annonciata, akavua koti, akayasukuma maboksi hadi mlango wa mbele.

"Hapa."

"Mama," Gires akasema, "watu watapita wapi?"

"Watapita kwa ubavu. Wanene watabaki nje."

"Basi mimi kwaheri!" Mzee Gurdial akapiga tumbo lake.

Mama akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Akayasukuma tena, safari hii mpaka chini ya ngazi za mbao. "Au hapa?"

"Hapo mtapanda kulala mkiwa mishikaki," fundi akasema.

Mama akanitazama tena, kwa macho makali. Mwishowe akayapeleka mbele ya dirisha. Sebule nzima ikaingia giza.

"Basi, ni hapa. Chora, Mzee."

Mzee Gurdial akapiga magoti. Chaki ikagusa sakafu.

"Hapana!"

Sauti ilikuwa yangu. Niliyakumbatia maboksi, la juu likaanguka, nikayaburuta mengine mpaka ukuta wa jikoni. Nikaeleza yote bila kupumua: kuni, uchafu, benchi, dirisha, moshi upite hapa. Kisha nikaogopa.

"Unisamehe, Mama."

"Nikusamehe nini? Mgongo umeniuma kwa kusukuma upuuzi!" Akamgeukia Gires. "Huyu kwao hawakumfundisha?"

"Kwao ni Uvira, Mama."

"Ndiyo maana. Sikia, binti. Kwetu kule Walungu mkwe hapewi jiko. Analinyang'anya. Mama mkwe anapanga mafiga vibaya, bibi arusi anamwondolea mikononi, na tangu hapo moto ni wake. Mimi nilimnyang'anya mama mkwe wangu, bibi yake Gires, kabla maji hayajachemka. Wewe ulitaka nifike wapi? Chooni?"

Gires alicheka mpaka akashika ukuta.

"Na wewe ulijua!" nikamwambia.

"Nilikatazwa. Mwanaume akikunong'oneza, haihesabiki."

"Jamani," Mzee Gurdial akalia kutoka sakafuni, "mwenye jiko ni nani? Magoti yangu yanazeeka."

Mama akaninyooshea kidole.

Fundi akahamia ukutani kwangu. Nikachuchumaa karibu naye, nikitazama mstari mweupe ukizunguka.

"Benchi liwe refu kiasi gani, dada?"

"Watu watatu wakae bila kubanana."

"Na vigae rangi gani?"

"Vyeupe," Mama akasema. "Vinasafishika upesi."

"Vya kijani," nikasema. "Kijani cha sombe mbichi, majani ya muhogo."

Mama akamgeukia fundi.

"Unamsikia?" akamwuliza, akicheka. "Ameshaanza kunitawala."

"Vya kijani, Mama," nikarudia.