Kiwanja Kwenye Diski Mpya

Saa tatu asubuhi fundi alimaliza kunakili diski ya kompyuta ya masijala ya ardhi. Akachomoa ya zamani, akachomeka mpya, akawasha. Feni ikazunguka. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski ya kuwashia, kikanyamaza. Upande wa pili wa dirisha la huduma, foleni ilikuwa imeshafika kwenye ngazi.

Fundi hakuwa mtu wa papara. Alibadilisha waya. Aliingia kwenye mipangilio, akaiambia mashine ianze na diski mpya kabla ya kitu kingine chochote. Wapi! Akairudisha ya zamani, ikawaka bila maneno. Basi kosa lilikuwa kwenye nakala. Alipoinyanyua tena ile mpya ilimlazimu kutumia mikono miwili, na udongo ukamwagika mezani.

"Kwani umenakili vipi?" karani akauliza, akiokoa kikombe chake cha chai.

"Yote. Sekta kwa sekta, kila kipande cha diski, hadi vitu vilivyofutwa."

"Ndiyo hapo sasa. Vilivyofutwa ni vizito." Akaenda kuleta ufagio.

Ulitoka udongo wa ndoo sita, mwekundu, wenye kokoto. Mwishoni vikatoka vigingi vinne vya mpaka vilivyopakwa rangi ya kijani, kimoja kimoja. Mbele kabisa ya foleni alikuwepo mjane wa mwashi, kama kila Jumatatu. Kwa miaka miwili alikuwa akiambiwa kiwanja chake hakimo kwenye kumbukumbu, na shemeji wa mkuu wa ofisi alikuwa ameshajenga humo hadi usawa wa madirisha.

"Rangi hiyo alipaka marehemu," alisema. "Ilibaki alipopaka mlango wa jikoni."

Mkuu akatoka ofisini kwake, akautazama udongo, akasema ushahidi lazima utoke kwenye mfumo.

"Umetoka kwenye mfumo, bosi," fundi akasema.

"Mfumo uliowaka."

Dawa ya kuiwasha diski mpya fundi aliijua: kufuta ile nakala na kunakili upya mafaili yaliyo hai tu. Diski ya zamani ilishaanza kukwaruza. Baada ya nakala hiyo ya pili isingesomeka tena, na vilivyofutwa vingepotea kabisa. Alimgeukia mjane, akaona aibu.

"Mama, nikibonyeza hapa ndiyo basi tena."

Mama akatazama nyuma yake. "Bonyeza, mwanangu. Huyu mwenzangu ana mtoto mgongoni."

Akabonyeza. Adhuhuri kompyuta ikawaka ndani ya sekunde ishirini, na foleni nzima ikasema afadhali. Karani akalitafuta jina la mwashi, tena mara mbili, kwa moyo wote. Halikuwepo. Mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga, akaomba magunia ya kutilia udongo wake.

Yalijaa matatu. Fundi akabeba lililo zito. Getini mlinzi akawasimamisha kwa upole, maana alimwonea mama huruma kweli. Kitu hakitoki humo bila kibali. Akampa mama fomu na kalamu. Mstari wa kwanza uliuliza namba ya kiwanja iliyosajiliwa.

Mama akaisoma hadi chini, akarudisha kalamu.

"Basi niwekee hapo pembeni, baba," alisema. "Ila usiruhusu mtu ajenge."

Mlinzi akasema atajitahidi, lakini zamu yake inaisha saa kumi na mbili.