Wa Ishirini na Moja

Mimi ni mpishi, si mtu wa vituko. Napika githeri na uji katika kituo cha watoto nje ya Zombe, na mkurugenzi wetu, Bi Kaveke, ana sheria moja isiyochezewa: mfanyakazi haleti mtoto wake kazini. Wangu, Ndunge, ana miaka mitano na sina wa kumwachia. Kwa hivyo kila asubuhi nilimpitisha mlango wa jikoni, nikamchanganya na wale ishirini wa kituo. Wale wengine niliwapa ukoko ili wanyamaze. Yeye nilimfundisha mambo mawili: mbele za watu mimi ni Anti Kasiva, na ukiona mtu anahesabu watoto, jifiche mpaka amalize. Alishika haraka, mtoto wangu si mjinga.

Alhamisi hiyo Freja, msichana wa Denmark aliyekuja kujitolea kwa miezi miwili, aliwapeleka watoto mtoni kucheza. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, yeye akaona ni uwanja. Simlaumu. Aliwapenda wale watoto kuliko baadhi yetu tunaolipwa. Ila hakuna aliyemwambia kwamba mvua ikinyesha milimani, maji yanatufikia huku jua linawaka. Hata mimi sikumwambia, nilikuwa nachagua maharagwe.

Niliusikia mto kabla ya kuuona. Ulikuwa mngurumo kama wa lori, na upande ule hakuna barabara. Nilitupa ungo nikakimbia, leso ikaanguka, sikuiokota.

Nilikuta Freja ameshawapandisha ukingoni. Alikuwa ameanza kuwahesabu kule kule mchangani, na sasa alirudia, akigusa kichwa kimoja kimoja.

"Ishirini," akaniambia. "Wote wako."

"Mungu ni mwema," akasema Bi Kaveke, aliyefika akihema kutoka ofisini.

Ndunge hakuwepo. Nilielewa papo hapo: aliona kidole kinahesabu, akafanya nilivyomfundisha. Na nitasema ukweli, kitu cha kwanza nilichoangalia ni uso wa Bi Kaveke. Sekunde hiyo sijajisamehe mpaka leo.

Nikaruka mchangani. "Ndunge, toka!"

Kimya. Kwenye kona ya mto povu la rangi ya chai lilikuwa linakuja na matawi mazima. Nikaita tena, nikaita tena, na bado kimya, kwa sababu anayeita ni Anti tu na labda kuhesabu hakujaisha. Niliogopa mpaka sauti ikakatika.

"Ndunge, ni mama. Mimi mama yako nakuita, toka."

Kichwa kikachomoza nyuma ya jiwe tunalofulia nguo. Nilimkamata gauni, maji yakanipiga kiunoni, nikaanguka naye. Freja ndiye aliyeingia akanishika nywele, akatuvuta wote wawili. Nilipogeuka, jiwe lilikuwa limeshafunikwa.

Ukingoni Bi Kaveke aliniangalia, akamwangalia mtoto, paji lake la uso ni langu lile lile. Sikujali tena. Nilimkumbatia Ndunge nikilia kwa sauti.

Alitema mchanga, akaona watu wote wanatutazama. Akaitoa mikono yake shingoni mwangu polepole.

"Asante, Anti Kasiva," akasema.