Nishuke, Mama?

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kunguruma, Mutheu alijipenyeza kati ya pazia na kioo cha dirisha, akajikunyata humo kama kifaranga chini ya bawa. Kutoka ghorofa ya tatu aliyaona yote: kiwanja kisichojengwa kilichoota nyasi ndefu, watoto wa jirani wakifukuzana, ua wa waya, na nyuma ya ua uwanda wa Kitengela uliojaa ukungu. Siku nyingine pundamilia walisimama kule mbali, miguu yao haionekani, wakawa kama wanaoelea. Pumzi ya mtoto ilikitia kioo weupe. Alikifuta kwa kiwiko, kisha akauliza lile lile la kila siku.

"Mama, nishuke?"

"Bado," alijibu Ndanu.

Bado umande haujakauka. Bado jua ni kali. Bado kuna vumbi, bado kuna matope, bado ng'ombe wanapita. Neno hilo ni dogo na la upole. Halikatai wala halikubali, na ndiyo maana Ndanu alilipenda. Utoto mzima unaweza kuliwa na neno la namna hiyo, na mlaji asisikike akitafuna. Mutheu alikuwa na miaka minne, na hakuwahi kulia akiambiwa bado.

Ndanu alishona mapazia. Nyumba mpya zilikuwa zikichipuka Kitengela kama uyoga baada ya mvua, na kila mwenye nyumba alitaka pazia zito la kugeuza adhuhuri kuwa magharibi. Kazi yake, kwa ufupi, ilikuwa kuzuia jua, na aliijua barabara. Dirisha lake mwenyewe ndilo alilolivisha kwanza.

Tusimlaumu upesi. Mtoto huyu alikuja baada ya kungojwa sana, miaka ambayo watu walimtazama Ndanu tumboni kabla ya kumtazama usoni. Alipozaliwa alipewa jina la bibi mzaa baba, kama ilivyo desturi ya Wakamba. Mutheu: safi, aliyetakata. Kwa ajili ya jina hilo Makau, baba yake, alimwita bintiye "mwaitu", yaani mama, na jioni akitoka kiwandani alimwinamia na kumwamkia kwa heshima zote, mtoto akacheka mpaka kwikwi ikamshika. Lakini Ndanu alilichukua jina hilo kama nadhiri. Mungu amemletea mtoto safi. Yeye ni nani amchafue? Sakafu ilipigwa deki asubuhi na jioni. Viatu vya wageni viliishia mlangoni. Alimlea kama yai, na yai, kama tujuavyo, haliendi popote.

Miguu ndiyo iliyosema kwanza. Siku moja akimwogesha, Ndanu aliona magoti ya mtoto yamepeana nafasi, kila moja likitazama upande wake kama ndugu waliokosana. Alijiambia ni kivuli. Akayaona tena kesho yake, na kesho kutwa. Kisha Jentrix, jirani wa mlango wa pili, mama ya Whitney na Sydney, aliwakuta kwenye ngazi wakirudi kanisani, akasimama.

"Mama Mutheu, usinichukie, lakini huyu mtoto ako na matege. Mpeleke hospitali. Na umtoe nje, jameni! Hata nguo huwa unaanika juani."

Ndanu alimchukia kwa siku nzima. Baadaye akampeleka mtoto Kajiado, kwa daktari mmoja wa mifupa aliyesifiwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini aliyeitwa Nakhumicha. Daktari alimbonyeza mtoto vifundo vya mikono, akamtembeza huku na huku chumbani, akaitazama picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Mtoto anacheza, mama?"

"Anacheza sana, daktari. Akishika simu hata simsikii."

Daktari Nakhumicha aliweka kalamu chini. "Nje. Nauliza kama anacheza nje."

Ndanu alitazama vidole vyake.

"Mifupa yake ni laini kwa sababu haijui jua," alisema daktari. "Nitampa dawa ya matone. Utampa mayai na maziwa. Lakini hayo peke yake hayatoshi. Anataka akimbie, apande, aanguke, ainuke, jua limpige mgongoni. Udongo uwahi ungali maji, mama. Tukichelewa, hii miguu itabidi ikatwe ndiyo inyooshwe. Mrudishe mvua ikiisha, tutaona."

Ikatwe. Neno hilo lilipanda gari pamoja nao, likapita nao Isinya, likakaa kati yao mtoto akisinzia. Nje, nchi ilikuwa pana na ya rangi ya mkate, mawingu yakiburuta vivuli vyao juu yake polepole, na mahali fulani mchungaji mdogo alisimama kwa mguu mmoja kana kwamba amesahauliwa hapo. Ndanu alitazama mguu ule mpaka ukapotea. Katika methali zote za Waswahili, aliwaza, daktari amechagua ile ya udongo.

Nyumbani alimpigia simu mama mkwe wake, Mutheu mkubwa, kule milimani Machakos.

"Mwaitu, daktari anasema mtoto acheze kwa udongo."

 Kutoka upande wa pili kilikuja kicheko kilichoishia kwa kikohozi.

"Kwani alikuwa anacheza wapi?"

"Ni jina lake, mwaitu. Nilitaka awe safi kama jina."

"Ndanu, mimi nimekuwa Mutheu tangu nizaliwe. Ushawahi niona safi kabla ya jioni?"

Ndanu alikumbuka. Mama mkwe wake alikuwa mfinyanzi. Siku ile alipopelekwa kujulishwa ukweni, alipewa mkono wenye udongo hadi kwenye kiwiko, na magamba makavu yakamdondokea kwenye gauni lake jipya. Vyungu vilikuwa vimepangwa uani vikikauka, vinono na vyeusi, kama wageni wanaosubiri chakula.

"Mtu asiyechafuka, utamwosha nini?" alisema yule mama. "Haya, niache. Kuku ameingia jikoni."

Usiku huo mvua ilinyesha. Kulipopambazuka Ndanu alilivuta pazia lote, mpaka mwisho wa reli yake, na nuru ikaingia ikajimwaga juu ya vitambaa, juu ya cherehani, juu ya kitanda. Mutheu aliketi akipepesa macho. Aliuliza kwa mazoea tu, bila tumaini, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

"Nishuke, Mama?"

Ile "bado" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Ndanu aliimeza, ikashuka kwa shida.

"Twende."

Chini kulikuwa kama dunia iliyofuliwa ikaachwa ichuje maji. Vyura walikuwa wakiitikiana, mvuke ulipanda kutoka kwenye nyasi, na watoto wa Jentrix walikuwa wanaonekana na kupotea ndani yake. Ndanu alikuwa amejiandaa kumwona mtoto akimponyoka mkononi kama ndege. Lakini saruji ilipoishia, Mutheu aliishia hapo hapo. Aliinua mguu mmoja, akashika gauni la mama yake kwa mikono miwili.

"Ni chafu," alisema. "Mama, nitachafuka."

Alilisema kwa sauti ya Ndanu, kwa mkazo wa Ndanu, hata na ule mkunjo wa pua. Whitney alikuja akamnyoshea mkono wenye matope. Mutheu akapiga kelele na kuanza kulia. Ndanu aliumia, akaona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya majirani. Alikuwa amekuja kumfungulia mtoto mlango, kumbe kufuli alikuwa amelitia ndani ya mtoto mwenyewe.

Hakujua la kufanya, kwa hiyo alivua viatu.

Udongo ulikuwa baridi. Ulimpanda kati ya vidole, na kwa kitambo Ndanu hakuwapo Kitengela kabisa. Alikuwa msichana mdogo katika mto mkavu wa kwao, akichimba mchanga kwa viganja pamoja na wenzake, wote wakiwa wamenyamaza kwa sababu walisadiki kwamba maji husikia. Na maji yalikuja. Yalijikusanya chini taratibu, yakiwa safi, kutoka kwenye mchanga mtupu. Alikuwa amelisahauje jambo hilo?

Alipiga hatua, kisha nyingine. Sasa, udongo mweusi wa Kitengela una tabia yake: haukubali mtu apite bila kumpa zawadi. Ulimganda nyayoni, hatua iliyofuata ukaongezeka juu ya ule wa kwanza, akazidi kurefuka, mguu mzito kama wa ndovu, mikono akiitanua asianguke.

"Mama Mutheu, umeota kama mti!" alipiga kelele Jentrix kutoka roshani, akaangua kicheko.

Kilio kilikatika. Mutheu alikuwa anamtazama mama yake miguuni.

"Mama, hivyo ni viatu gani?"

"Vya hapa."

"Nipe."

"Havipewi. Vinavaliwa kwa kutembea."

Mtoto alifikiri. Aliketi kwenye saruji, akavua kiatu, akavua soksi nyeupe, akaushusha mguu kama anayepima maji ya kuoga. Akausimamia. Akavuta wa pili. Akapiga hatua na ile miguu yake iliyokosana, udongo ukamvuta, akaanguka kifudifudi.

Mikono ya Ndanu iliruka yenyewe, akaizuia. Mutheu alijiinua akatazama viganja vyake vyeusi, kisha akamtazama mama yake usoni, akingoja kuambiwa lililompata ni baya au ni zuri.

"Alaa," alisema Ndanu, "hata mikono imepata viatu."

Jioni ile maji ya beseni yaligeuka kahawia, kisha meusi. Ndanu aliosha na kuosha, akaona wayo una mkwaruzo mdogo, wa kwanza, akaulilia kimya kimya huku akitabasamu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu cha kuosha.

Mvua ilikolea, ikapungua, ikapita. Cherehani ilihamia dirishani. Mutheu alikuwa mweusi kuliko zamani, na mkaidi kuliko zamani, na usiku alilala kama gogo. Alikuwa amejifunza mchezo wa kujificha: anayetafuta anafumba macho kwenye tangi la maji na kuita "Tayari?", nao walio kwenye nyasi wanaitikia "Bado!" mpaka wote wapate maficho. Na miguu? Jioni nyingine Ndanu aliiona imenyooka kidogo. Jioni nyingine aliiona vile vile. Macho ya mama si mizani. Alimpa matone, akamkausha vidole.

Jioni ya kuamkia safari ya Kajiado, jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Ngong, na nyasi zote zilikuwa zimeshika rangi ya asali. Pundamilia walirudi nyuma ya ua. Ndanu alitoa kichwa dirishani.

"Mutheu! Panda sasa, kesho tunaamkia kwa daktari."

Kimya. Upepo ulipita juu ya nyasi, zikalala, zikainuka. Ile hofu ya zamani ilimpanda kifuani kama maziwa yanayochemka, na tayari alikuwa amegeukia mlango. Kisha akarudi. Alikumbatia mwimo wa dirisha, akaita:

"Tayari?"

Mahali fulani kati ya nyasi, mbali kuliko alivyodhani, sauti nyembamba ilimjibu kwa furaha tele.

"Bado!"

Ndanu alikuwa ameshika pazia. Akaliachia, akaegemeza viwiko dirishani, akangoja.