Picha Moja ya Barabara ya Theluji

Zamani madereva wa jeshi kule kwenye milima ya Ladakh, kaskazini mwa India, walitumiwa picha za setilaiti kwa rundo, mpya na kuukuu, kila mtu ajichambulie kujua kama njia imefukiwa na theluji. Kapteni Deechamma, mkuu wa chumba cha picha huku Karnataka, kusini mwa nchi, alichoshwa na fujo hiyo. Akaweka utaratibu: msafara upate picha moja tu, ya leo. Yenye tarehe ya jana, kompyuta iifungie ghalani.

Asubuhi ya kwanza, skrini ya msafara ikawa tupu.

Simu ikalia. Alikuwa Meja Rinchen, kiongozi wa msafara, malori yakinguruma nyuma yake.

"Kapteni, mlizoea kunilisha picha mpaka navimbiwa. Leo mmenifungisha?"

"Subiri kidogo, afande."

"Nisubiri jua lilainishe theluji? Niambie, nipite au nisipite."

Deechamma akaziba simu kwa kiganja, akamgeukia msaidizi wake, Havildar Basappa, aliyekuwa akila idli, vile vitumbua vya mchele vya mvuke.

"Setilaiti imepita kweli?"

"Imepita alfajiri, madam. Picha nimeipokea mwenyewe. Imemezwa na nani, sijui. Mimi nimemeza idli tu."

Alfajiri. Hapo Deechamma akaelewa. Setilaiti haifuati saa za India. Hufuata saa za Uingereza. Huku kukipambazuka, kwenye saa yake bado ni usiku wa jana. Kumbe picha ya leo ilikuja na tarehe ya jana, na utaratibu wake mwenyewe ukaificha.

Angeweza kusingizia mtandao. Akafungua ghala, akaituma picha, kisha akasema, "Afande, ilikuwepo. Kosa ni la utaratibu wangu. Iangalie sasa."

Meja akaifungua. Kisha injini zikasikika zikizimwa, moja baada ya nyingine.

"Theluji imeporomoka pale konani," akasema hatimaye. "Tungeingia kama kuku tengani."

"Niwie radhi, afande. Nitawarudishia rundo lenu."

"Thubutu. Kwenye rundo ningeitafuta hii mpaka kesho. Hii moja hata dereva wangu mwenye macho mabovu ameielewa. Wewe rekebisha saa zako, mdogo wangu. Sisi tunachemsha chai ya siagi."

Deechamma na Basappa wakaketi kuurekebisha utaratibu: kila picha inayoingia igeuzwe kwanza kwa saa za India, ndipo ipewe tarehe. Basappa akauliza kama aandike jina la aliyekosea kwenye daftari la kazi.

"Andika," Deechamma akasema, akicheka. "Na mwandiko usomeke."