Kichwa cha Fayamani

Wifi yangu Jacklyne huzicheka keki zangu. "Aoko, bado unaoka ya boksi?" Ndiyo, ya boksi! Yeye apige siagi na sukari mpaka mkono ukatike, shauri yake. Mimi nataka ule unga wa boksi uliochanganywa tayari, wa keki nzito ya siagi, unaotoka vilevile kila Jumapili, maana keki yangu ni ya kuguswa kwanza, kuliwa baadaye.

Baba hata haionji. Ana kisukari, na kisukari kimeshamla macho yote mawili. Ujanani alikuwa fayamani wa reli, mtu wa kulisha moto kwenye injini za mvuke, na tangu macho yazime alikuwa anakaa tu kwenye kochi langu hapa Donholm, kimya, kama mzigo ambao mwenyewe hajaja kuuchukua. Siku moja nikaokota sokoni Gikomba kalibu ya kuokea keki, ya aluminiamu, nzito ajabu. Gari moshi zima! Bomba, magurudumu, mabehewa na madirisha yake, na kwenye dirisha la injini kakichwa ka mtu kadogo kama harage. Nikainunua bila hata kubishana bei, mimi Aoko.

Jumapili ile ya kwanza Baba alipitisha vidole juu ya keki polepole, kutoka bomba mpaka behewa la mwisho, kisha akarudi kwenye kale kakichwa.

"Mama," akaniambia. Nilipewa jina la mamake, basi ndivyo anavyoniita. "Huyu hapa ni mimi."

Akacheka. Haki ya nani, nilikuwa nimesahau kicheko chake kikoje.

Basi ikawa kila Jumapili. Baba anasoma gari lake kwa vidole, akimaliza watoto wa ploti wanakula mabehewa. Kinachonitoa jasho ni kile kichwa. Maziwa napunguza na yai naongeza, ili rojo liwe zito lishike alama. Siagi naiyeyusha naipaka kwa brashi kila kona, nanyunyiza unga mkavu, nagonga. Ikitoka kwenye oveni naiacha ipumue kidogo, maana ukiharakisha inavunjika na ukichelewa inang'ang'ania. Na bado siku nyingine kichwa hubaki ndani ya kalibu. Zamani kikibaki, Baba alijua papo hapo. "Leo mmeniacha stesheni," alikuwa akisema, na mimi naomba msamaha kama karani wa tiketi.

Halafu nesi wa kliniki akanivuta kando. Sukari ikishamaliza macho, akasema, hushuka miguuni na kwenye vidole, vinakufa ganzi. Nilipomuuliza Baba, alinikunjulia mikono yake mbele ya uso wangu. "Hivi? Viko sawa kabisa." Nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Vidole vikienda, atabaki na nini? Giza, na mimi nikipiga kelele jikoni.

Mwezi uliopita kichwa kilibaki kwenye kalibu tena. Baba akapapasa, akasema, "Huyu hapa ni mimi." Nikadhani amenionea huruma tu, nikacheka.

Sasa Jumapili hii asubuhi Khadro akabisha. Ni jirani yangu wa mlango wa pili, anauza vitambaa Eastleigh. Alikuwa amebeba kalibu yake mwenyewe, ua moja kubwa la mviringo, petali juu ya petali.

"Aoko dadangu, niokoe. Watu wa posa ya binti yangu Filsan wanakuja leo, na oveni yangu imekufa."

"Boksi umeleta?"

"Nimeleta."

"Lete hapa, basi. Wacha kutetemeka, si wewe unaolewa."

Nikaoka yake kwanza. Ua likatoka zuri, kila petali na ncha yake, mpaka nikajipigia makofi peke yangu. Nikaliweka mezani lipoe, nikarudi jikoni kulipaka siagi gari moshi.

Nilipogeuka, Baba alikuwa ameshafuata harufu, mkono ukutani, ameketi mezani na mikono ya shati ameikunja. Nikafungua mdomo nimwambie angoje, hii ni ya Khadro. Vidole vyake vilikuwa vimeshatua.

"Eeh, leo limetoka vizuri," akasema. "Bomba hili hapa."

Alikuwa ameshika petali.

"Magurudumu. Behewa. Madirisha haya." Alikwenda kwa mpangilio uleule wa kila Jumapili, kama mtu anayesali sala aliyoikariri. Na keki ilikuwa bado ya moto. Mimi nilikuwa nimeibeba kwa kitambaa, yeye kiganja chake kimelala juu yake, kimetulia tuli.

Brashi ikaniponyoka. Jumapili ngapi, Baba? Umenidanganya Jumapili ngapi? Nilipandwa na hasira, sijui hata ya nani, ya sukari, ya Mungu, ya huyu mzee mjanja anayenichekea ili nisife moyo. Machozi yakanitoka bila sauti, na mimi si mtu wa kulia bila sauti.

Mlango ukafunguka. Khadro alikuwa amekuja kuchukua keki yake. Akaona vidole vya Baba juu ya ua la posa, nikajua sasa ataruka. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio wake.

Kidole cha Baba kikapanda petali ya katikati, kikasimama.

"Na huyu hapa ni mimi," akasema. Kisha akageuza uso kule alikodhani niko, akangoja. Sauti ikamshuka. "Ama leo mmeniacha stesheni, Mama?"

"Hapana, Baba," nikamwambia. "Umo ndani. Umetoka mzima."

Akaitikia kwa kichwa, akauondoa mkono wake polepole, asije akakavunja kale kakichwa.