Hodi ya Pili

Usigeuze uso. Ulimwona Marselina akipita mbele ya baraza lako amekumbatia kompyuta kifuani, na ulipotambua anaelekea kwako ukaanza kuhangaika na simu ambayo haikuwa imeita. Ulijua anatafuta nini. Mtaa mzima ulijua. Alikuwa anatafuta chumba. Si cha kupanga wala cha kulala. Chumba chenye ukuta wa maana na mlango wa kufungika, kwa asubuhi moja, afanye mtihani wake.

Utasema hukuelewa ni mtihani gani huo usiofanyiwa shuleni. Haya, kaa nikueleze, usije ukaitumia sababu hiyo tena.

Marselina ni binti wa Mzee Tarcis, mkulima wa mananasi wa Kiwangwa. Alisomea kompyuta akapata stashahada, akazungukia maofisi kama wenzake wote, mwisho akapata mkataba katika kampuni moja inayonunua matunda Chalinze. Kazi yake ilikuwa kanzidata: kila mkulima ana mstari wake, kila mzigo ulioingia una mstari wake, na yeye ndiye anayeiunganisha mpaka wakubwa wanapata picha kwenye kioo, huku mananasi yamejaa, kule yamepungua, nunua hapa, acha pale. Kampuni ikaamua kazi hiyo iwe ya kudumu. Wakamwambia, dada, kiti hiki ni chako, lakini makao makuu wanataka mtu mwenye cheti cha kimataifa cha kanzidata na uchambuzi wa taarifa za biashara. Lete cheti kabla mkataba haujaisha. Usipoleta, tunatangaza nafasi.

Hali ndiyo ilikuwa hiyo. Cheti, au arudi kuzungukia maofisi.

Mtihani wenyewe una njia mbili. Ya kwanza ni kwenda kwenye kituo kilichosajiliwa, Dar es Salaam, na huko nafasi zilikuwa zimejaa mpaka baada ya mkataba wake kwisha. Ya pili ni kuufanya popote ulipo, kwa intaneti, na msimamizi aliye nchi usiyoijua anakutazama kwa kamera na kukusikiliza. Masharti yake makali. Uwe peke yako. Asiingie mtu. Usiinuke. Usiseme neno, hata la kujisemea. Ukivunja, mtihani unafungwa hapo hapo, na kurudia si kesho wala keshokutwa.

Popote ulipo! Wanasema popote kana kwamba kila mtu ana popote pake. Marselina amepanga hapa mtaani kwetu Dunda, nyumbani kwa Bi Khairiya, chumba ambacho ukuta wake mmoja ni bati. Nyuma ya bati mama mmoja anakaanga vitumbua, na uani kuna kisima wanakochota maji nusu ya mtaa.

Ndiyo maana alizunguka. Mimi jirani yake nilikwenda naye mahali pengi, na sisahau. Tulianza na kile kituo cha vijana kilichokatiwa utepe kwa ngoma na pilau. Pilau hiyo ulikula, nilikuona. Kikajazwa kompyuta, kikatiwa kufuli, na kufuli lenyewe sasa limeota kutu. Bwana Masoud anayeshika funguo alimsikiliza vizuri sana. Ni mtu wa adabu, hilo simnyimi.

"Chumba kipo, binti yangu," akasema. "Tatizo ni utaratibu."

"Utaratibu gani, baba? Niandike barua?"

"Barua andika. Lakini mwenye kuidhinisha yuko semina."

"Atarudi lini?"

"Akirudi atasafiri tena."

Nikamuuliza, "Masoud, hiki kituo ni cha vijana au cha buibui?" Akacheka, akasema wewe hujabadilika. Nikamwambia hata kufuli lako halijabadilika.

Ukumbini tukaambiwa kuna sendofu ya bibi harusi. Shuleni, kuna mitihani ya majaribio. Na wewe mwenye kile chumba cha juu cha kiyoyozi, unachowekea viti vya harusi, ulimwambia atazame kwingine kwanza, akikosa arudi. Akarudi. Ukamtuma mtu aseme hupo. Viatu vyako vilikuwa mlangoni.

Basi akaamua kufanyia chumbani kwake, na hapo ndipo wale wasio na vyumba vya akiba walipoonyesha utu. Bi Khairiya, muuza vitambaa, mwanamke asiyezoea kuambiwa hapana, alipita nyumba kwa nyumba. Mama wa vitumbua akahamishia jiko lake kwa jirani. Kisima kikafungwa mpaka adhuhuri. Redio zikazimwa. Jogoo akatiwa ndani ya tenga, tenga likafunikwa gunia, na mwenye jogoo akaonywa kwamba ndege wake akiwika tu, jioni yake ni mchuzi. Linda, mpangaji mwenzake, akatandika mkeka mbele ya mlango wa Marselina akakaa kama askari, kazi yake kuwarudisha watu kwa ishara kabla hawajafungua kinywa.

Mtaa ukanyamaza. Tulizima kila kelele tuliyoifahamu. Tulichosahau ni kile ambacho hakuna mtu wa Pwani anayekihesabu kuwa ni kelele.

Mtihani ulipoanza, Marselina alipata onyo moja mapema. Amezoea kusoma swali kwa midomo, bila sauti, tangu shule ya msingi. Kisanduku kikatokea kwenye kioo: tafadhali usisogeze midomo, ukirudia utaondolewa. Akaung'ata mdomo wa chini, akaendelea. Na alikuwa anakwenda vizuri. Alikuwa ameshavuka nusu, amefika kwenye swali la kuunganisha jedwali la watu na jedwali la mizigo, kwa namna ambayo mtu asiyeleta mzigo msimu huo asidondoke kwenye ripoti kana kwamba amekufa. Swali hilo alilipenda. Kazini alikuwa akiligombania kila msimu, kwa sababu wakulima wanaodondoka vile ni wa kwao, anawajua kwa majina.

Hapo ndipo Mzee Tarcis alipoingia uani.

Lazima uelewe jambo moja kuhusu nyumba ile ya Kiwangwa. Tangu darasa la saba, Marselina hajawahi kuingia kwenye mtihani bila baba yake kuchovya vidole kwenye maji na kumchora msalaba kwenye paji la uso. Kidato cha nne alimfuata bwenini. Chuoni alimfuata getini, walinzi wakamcheka, akawabariki na wao. Safari hii aliahidi kufika mapema, lakini gari alilopanda likakwama kwenye tope, akapiga simu, na simu ya binti imezimwa kama masharti yalivyotaka. Akatembea kipande kilichobaki. Alifika na tope mpaka magotini, nanasi moja kwenye mfuko, na uso wa mtu aliyefika.

Linda akasimama. Akaweka kidole mdomoni. Lakini ile ishara unamfanyia mtoto, unamfanyia rika lako. Utamfanyiaje baba wa mtu, aliyetoka mbali kwa miguu? Kidole kikashuka chenyewe.

"Shikamoo, baba," akanong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unaongea kama mwizi? Marselina yumo?"

"Yumo, baba, ila ameshaanza mtihani."

"Ameanza bila baraka?"

"Muda ulifika, baba. Msimamizi hangojei."

"Msimamizi yuko naye humo ndani? Mwanamume?"

"Hapana, baba! Yuko nje ya nchi. Anamwona kwa kamera."

Mzee akafikiri. Akakung'uta suruali. "Basi atanielewa. Na yeye nitamsalimia."

"Baba, usimsalimie! Ukisema neno wanamfutia."

"Wanamfutia kwa salamu?" Akamtazama Linda kwa huruma, kama mtu anayedanganywa na mtoto. "Mwanangu, mimi siingii. Nabisha hodi tu ajue nimefika, moyo wake utulie. Nipatie maji kidogo kwenye kikombe, akitoka nimbariki amalizie."

Linda alinieleza haya yote mwenyewe, na kila akieleza analia. Anasema angeweza kumvuta mkono. Angeweza kumziba mdomo. Nikamuuliza, ungemziba mdomo mzee Tarcis? Hakuna aliyelelewa huku ambaye angeweza. Basi Linda akageuka kuchota maji mtungini, akitumaini kwamba mwenye kungoja maji hatasema kitu.

"Hodi!"

Ndani, Marselina aliisikia. Aliitambua sauti. Anasema alikaza macho kwenye kioo, akayatazama majedwali mawili, akajiambia: nyamaza, baba atasamehe. Kisanduku hakikutokea. Msimamizi alikuwa amesikia sauti ya nje, akaiacha ipite. Bado alikuwa salama.

Wewe unajua, na kama hujui uliza, kwamba huku mtu hupiga hodi mara tatu. Ya tatu isipoitikiwa anageuka, na anaondoka na jibu lake: hapa sitakiwi, au hapa kuna maiti. Baba mzazi akigeuzwa mlangoni kwa mwanawe, hilo si jambo la kusamehewa kwa kahawa. Marselina alijua kuna hodi mbili zimebaki. Alijua pia kwamba mzee wake hatapiga ya nne.

"Hodi jamani, wenyewe?"

"Karibu, baba. Shikamoo."

Hakuamua kusema. Ameniapia. Anasema alikuwa ameshachagua jibu la swali, kidole kiko juu ya kitufe, na kinywa kikafunguka chenyewe, na mwili nao ukainuka nusu kutoka kwenye kiti, kama alivyofundishwa kumwinukia mkubwa. Aliporudisha macho, swali halikuwepo. Palikuwa na maneno mawili matatu ya upole. Mtihani wako umesitishwa. Asante.

Mzee akasukuma mlango ameshika kikombe alichopewa na Linda. "Marahaba, mama! Wananiambia nisikusalimie. Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba."

"Mapema hivi? Si nilijua! Mtoto wangu kichwa chake chepesi." Akachovya vidole, akamchora msalaba kwenye paji la uso, akamwombea Mungu aufungue mkono wa wasahihishaji. Marselina aliinamisha kichwa mpaka sala ilipokwisha. Akasema amina. Akalimenya lile nanasi, wakala.

Ni Linda aliyemwambia mzee, jikoni, baadaye. Nilikuwepo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Hodi yangu?" Kisha akauliza tena, polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha jina la marehemu. "Hodi yangu mimi?"

Marselina aliandika rufaa. Alieleza kila kitu, hodi ni nini, kwa nini haiwezi kuachwa ikaning'inia. Wakamjibu kwa heshima: mtahiniwa alizungumza na mtu mwingine, masharti aliyakubali mwenyewe. Na kwa masharti yao wako sawa. Mkataba ukaisha. Kampuni ikatangaza nafasi, akaichukua kijana anayeitwa Herman, ana cheti, sina ugomvi naye. Alikulia kwenye nyumba yenye vyumba. Marselina sasa yuko kwenye duka la kuchapa nyaraka, hapa hapa Dunda, anawapangilia wengine wasifu wao wa kuombea kazi.

Lakini si yeye ninayemwonea uchungu kuliko wote. Siku moja nilikuwa nimekaa uani kwa Bi Khairiya, nikageuka nikamkuta Mzee Tarcis amesimama nyuma ya ukuta na kikapu, jua linampiga, sijui amesimama tangu lini. Hakubisha. Anangoja mtu amwone.

Bi Khairiya akamwambia, "Mzee Tarcis, wewe ni mtu wa nyumba hii. Hodi umeiacha wapi?"

Akatabasamu. "Naogopa kuvunja kitu, bibi."

Hata Kiwangwa, mkewe analalamika, anafika nyumbani kwake mwenyewe kimya kama jini. Mwanamume aliyewafundisha wanawe wote kubisha hodi! Laiti angekwama kwenye lile tope hadi jioni, anasema mzee. Laiti asingezaliwa na sauti. Nimemwambia mara ngapi, mzee, kosa si lako. Ananisikiliza, ananiitikia ndiyo, na kesho anasimama nyuma ya ukuta.

Sasa sikia, maana sikukueleza haya ili usikitike. Kusikitika unakujua, ulisikitika hata kwenye baraza lako, kwa sauti. Marselina amejiandikisha tena. Kampuni nyingine, ya korosho, imesema itamsikiliza akiwa na cheti. Mtihani ni Jumamosi hii. Nafasi Dar hakuna. Chumba ni kile kile cha bati. Na Mzee Tarcis ameshafunga mfuko wake: siku hiyo anakwenda Mkange kwa dada yake, awe mbali, asije akamwita mwanawe kwa bahati mbaya. Baba anaukimbia mlango wa mtoto wake, na wewe una chumba kizima kinalaza viti!

Usiniambie utaona. Usiniambie niandike barua. Inuka hapo ulipokaa, panda juu, toa viti, fagia. Ukimaliza nenda kwa Masoud, wewe anakuheshimu, umwambie afungue kile kituo kwa ajili ya wengine wasio na chumba, na usiondoke mpaka afungue. Kisha mpigie mzee simu kabla hajapanda gari la Mkange, umwambie aje kwenye nyumba yako, ambariki binti yake mapema, na akifika apige hodi kwa sauti yake yote. Nenda sasa hivi.