Upande wa Ukutani

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Pasi alikuwa amenyoosha shuka za hoteli bila kutandika hata moja. Kazi yake ilikuwa chumba cha chini, kwenye mvuke, na mvuke ukamharibia kifua. Daktari alimwambia aache. Hoteli ilimwambia nafasi ipo vyumbani, kwa atakayefaulu kozi. Akifeli, atasubiri mwaka mwingine palepale kwenye pasi.

Wiki sita masomo yalikuwa ya mtandaoni, kisha mtihani wa vitendo hotelini. Kila jioni alitandika kitanda cha nyumbani, bintiye akimrekodi kwa simu.

"Mama, sogea. Mwalimu anakagua shuka, si mgongo wako."

Mwalimu alijibu kila video kwa maneno mawili: safi sana.

Siku ya mtihani kitanda kilikuwa katikati ya chumba, kichwa tu kikigusa ukuta. Mkaguzi alikuwa msimamizi wa vyumba, mwanamke asiyecheka ovyo. Alibonyeza saa: dakika kumi. Mwalimu alisimama mlangoni.

Mama Pasi alitandaza shuka la chini, la juu, blanketi. Pembe zilikunjwa kama bahasha. Dakika ya sita akashika kiuno.

"Umemaliza?" mkaguzi aliuliza.

"Nimemaliza. Ule pale ni upande wa ukutani."

"Ukuta uko wapi, mama?"

Mama Pasi akatazama. Upande wa pili shuka lilining'inia hadi sakafuni. Nyumbani alilisukuma kwa kiganja tu, kitanda na ukuta vikalibana. Simu haikuwahi kuonyesha upande huo, na mwalimu hakuwahi kuuliza. Sasa alifungua mdomo.

"Mwalimu, nyamaza," mkaguzi alisema. "Mtihani si wako."

Mama Pasi akazunguka. Pembe ya miguuni ilimkatalia: mkunjo aliouzoea ulitoka kinyumenyume, ukafura kama shavu. Akaufumua, akajaribu tena, ukafura tena. Dakika ya nane akaacha kuhangaika, akasimama akiulinganisha mkono wake wa kulia na kitanda. Huku, miguuni palikuwa kulia kwake, mahali ambapo nyumbani huwa kichwani. Basi akaikunja pembe ya miguuni kama anavyokunja ya kichwani. Ikalala. Ya kichwani akaikunja kama ya miguuni.

"Umepitisha sekunde arobaini."

"Nimeiona saa."

Mkaguzi akaivuta pembe kwa vidole viwili. Haikutoka. Akavuta na ile nyingine.

"Nakukata alama mbili za muda. Umefaulu."

"Naanza lini?"

"Jumatatu, saa moja asubuhi. Ghorofa ya tatu."

"Naomba uniandikie. Bosi wa chumba cha kufulia haamini maneno matupu."

Mkaguzi akatoa kalamu. Mwalimu alikuwa ameshatoka kwenda ukumbini, walikosubiri wanafunzi watano waliobaki. Aliwauliza ni nani ambaye kitanda chake cha nyumbani kinagusa ukuta. Mikono yote ikapanda.

"Changu kinagusa kuta mbili," mmoja alisema.

Mwalimu akajifuta uso, akarudi kwa mkaguzi, akaomba apewe nusu saa na kitanda kimoja kabla ya anayefuata. Mkaguzi akamwambia achukue chumba cha jirani, na afundishe pande zote.

Mama Pasi akaisoma karatasi yake mara mbili, tarehe na sahihi, kisha akashuka kwa bosi wake. Aliiweka juu ya meza ya kupigia pasi, akasubiri asome hadi mwisho.